Kabla hujabadilisha fonti, angalia nafasi

Prufu ya kwanza ya kijitabu, yaani nakala ya majaribio, ikirudi kutoka kwa mteja, maoni yaliyoandikwa kwa kalamu juu ya jalada mara nyingi ni haya: "Maandishi hayasomeki vizuri, tafuteni fonti nyingine." Dizaina mgeni hutii. Anabadilisha fonti, anatuma tena, jibu linarudi lilelile, na wakifika fonti ya nne pande zote mbili zimeshachokana. Kumbe malalamiko ya aina hii ni nadra kuhusu umbo la herufi. Karibu kila mara tatizo liko kwenye nafasi: kati ya herufi na herufi, neno na neno, mstari na mstari, kichwa na aya yake.

Hapa nafuata kazi moja ya kawaida, kijitabu cha A5 chenye kurasa 32, kile cha kupigwa pini katikati ya mkunjo, tangu faili linapopokelewa hadi pleti, yaani mabamba ya mashine ya kuchapia, zinapotengenezwa. Nitasimama zaidi pale ambapo pesa na subira huishia.

Faili likifika

Maandishi huja yakiwa machafu, na hilo si tusi kwa aliyeyaandika. Sehemu imechapwa kwenye Word, sehemu imenakiliwa kutoka WhatsApp, sehemu imetoka kwenye skana. Ndani yake mna nafasi mbili baada ya nukta, mistari mitupu iliyotengenezwa kwa kubonyeza Enter mara tatu, na aya zilizosogezwa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nane. Hizi zote ni nafasi ambazo hakuna aliyezipanga. Ukizimwaga kwenye ukurasa bila kuzisafisha, utazikimbiza moja moja mpaka siku ya mwisho.

Safisha kwanza, ndipo upange. Tafuta nafasi mbili, weka moja, rudia mpaka programu ikuambie hakuna iliyobaki. Fanya vivyo hivyo kwa Enter mbili. Ondoa nafasi iliyotangulia mkato au nukta. Halafu nenda kwenye kitu ambacho mwandishi wa Kiswahili hawezi kukikwepa: alama ya ng’. Katika faili moja utaikuta imeandikwa kwa njia tatu au nne, kuna yenye kialama kilichosimama wima, kuna yenye kialama kilichopinda kama tarakimu 9, kuna iliyopinda kama 6, na kuna yenye kile kimstari kinacholala ambacho simu nyingine hukitoa. Msomaji anaweza asijue kasoro ni nini, lakini jicho lake litakwama. Kompyuta nayo inaweza kuyahesabu kuwa maneno tofauti, kwa hiyo anayetafuta "kung’aa" ndani ya PDF atapata matokeo pungufu. Chagua ile iliyopinda kama 9, badilisha zote, kisha pitia kwa macho.

Kuchagua fonti, lakini kwa haraka

Uchaguzi wa fonti haustahili siku tatu. Andika mstari mmoja wa majaribio kwa ukubwa utakaotumia kweli, uuchapishe, uutazame:

Ilikuwa kung’aa ng’ambo rafiki fikra WATOTO YATAKAYO 1 l I 0 O

Kila neno lina kazi yake. "Ilikuwa" linaanza na I kubwa ikifuatwa na l ndogo. Katika Helvetica na Arial hivyo ni vijiti viwili vinavyokaribia kufanana kabisa, na Kiswahili kina sentensi nyingi zinazoanza na Ili-, Ilani, Iliyo. Verdana, ambayo Matthew Carter aliichora kwa ajili ya skrini na Microsoft ikaitoa mwaka 1996, iliipa I kubwa vijiti vya juu na chini ili isichanganywe na l. Fonti nyingi zenye serifu, yaani vile vimiguu vidogo kwenye ncha za herufi, hazina shida hiyo.

"Kung’aa" linaonyesha kama fonti inajua kuishi na ng’. Katika fonti nyingine kialama kinaacha shimo katikati ya neno, katika nyingine kinagongana na g. "Rafiki" linaonyesha kama kichwa cha f kinaparamia nukta ya i. Fonti nzuri ina umbo maalumu la kuziunganisha hizo mbili, ila lazima programu iwe imeruhusiwa kulitumia. Neno WATOTO tutalirudia.

Kitu kingine cha kupima ni kimo cha herufi ndogo kama a, x na o kikilinganishwa na herufi kubwa. Garamond ya pointi 10 na Verdana ya pointi 10 zina namba ileile, lakini Verdana huonekana kubwa zaidi waziwazi, kwa sababu herufi zake ndogo ni ndefu. Ndiyo maana agizo la "tumia pointi 12" halina maana mpaka useme 12 ya nini. Fonti yenye kimo kifupi huhitaji pointi zaidi, yenye kimo kirefu huhitaji nafasi zaidi kati ya mistari.

Familia mbili zinatosha kijitabu kizima, na moja mara nyingi inatosha zaidi. Hakikisha tu familia hiyo ina herufi nzito na za mlazo zilizochorwa kweli. Ikiwa hazipo, programu nyingine huzitengeneza zenyewe kwa kunenepesha au kupindisha zile za kawaida, na matokeo yake ni herufi zilizovimba ambazo matundu ya a na e yameziba.

Urefu wa mstari

Sasa ukurasa. A5 ni milimita 148 kwa 210. Weka pambizo ya ndani mm 20, kwa kuwa sehemu yake humezwa na mkunjo, ya nje mm 15, ya juu mm 18 na ya chini mm 22. Unabaki na eneo la maandishi la mm 113 kwa 170.

Pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, yaani mm 0.353. Herufi ya wastani ya fonti ya kawaida huchukua upana wa karibu asilimia 47 ya ukubwa wake, ukihesabu na nafasi za maneno. Kwa hiyo kwa pointi 10.5, mstari wa mm 113 unabeba takriban herufi 65. Hapo ni pazuri. Kipimo kinachokubalika miongoni mwa wapangaji wa vitabu ni herufi 45 hadi 75 kwa mstari. Ukizidi hapo, jicho likimaliza mstari hupotea njiani wakati wa kurudi kushoto, likaanza tena mstari uleule au kuruka mmoja.

Hili ndilo kosa la barua na ripoti za A4. Pambizo mm 25 kila upande, Times New Roman pointi 12, mstari mm 160: unapata karibu herufi 90. Times New Roman ilianza kutumika mwaka 1932 katika gazeti la The Times la London, na ni fonti iliyobanwa kidogo ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba za gazeti. Ukiitandaza ukurasa mzima wa A4 unaichosha bure, halafu unasema haisomeki. Ongeza pambizo au gawa safu mbili, na fonti ileile itakaa vizuri.

Mistari ikipumua, karatasi inaongezeka

Hapa ndipo ugomvi wa kweli huanza, kwa sababu hapa nafasi inageuka kuwa gharama.

Tuseme prufu ya kwanza ilipangwa pointi 10.5 na umbali kati ya mstari na mstari ukiwa pointi 12. Hiyo ni asilimia 114 tu. Ukurasa wa mm 170 unabeba mistari 40, unaonekana mweusi kama ukuta, na hicho ndicho mteja anachokiita "hayasomeki". Kwa maandishi ya kusoma mfululizo, umbali huo unatakiwa uwe kati ya asilimia 120 na 145 ya ukubwa wa herufi, kutegemea urefu wa mstari na kimo cha herufi. Mstari mrefu hutaka zaidi.

Dizaina anapandisha mpaka pointi 14. Ukurasa unapumua, kila mtu anafurahi, mpaka hesabu inapofanywa. Kurasa 28 za maandishi zenye mistari 40 ni mistari 1,120, vichwa vikiwa ndani. Mistari 40 sasa imekuwa 34 kwa ukurasa, kwa hiyo zinahitajika kurasa 33. Ongeza kurasa 4 za mwanzo, jumla 37. Kijitabu cha kupigwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, hivyo ni 40. Kurasa 8 zaidi ni karatasi mbili za A4 kwa kila nakala. Kwa nakala 1,000 ni karatasi 2,000, na mteja alishakubaliana bei ya kurasa 32.

Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudi kwenye pointi 12. Usirudi haraka hivyo. Jaribu pointi 10 kwa 13 (herufi 10, umbali wa mistari 13), yaani asilimia 130. Mistari inakuwa 37 kwa ukurasa, na kwa kuwa herufi zimepungua kidogo, kila mstari unabeba 68 badala ya 65. Ile mistari 1,120 inashuka hadi karibu 1,070, ambayo ni kurasa 29. Na zile 4 ni 33. Umebaki na ukurasa mmoja tu wa ziada, na huo unamwomba mwandishi apunguze.

Kumwomba mwandishi apunguze ukurasa mmoja kati ya 29 ni mazungumzo magumu. Atasema kila neno ni muhimu. Kinachosaidia ni kumwekea kurasa mbili zilizochapishwa pembeni kwa pembeni, ya zamani na mpya, na kumwachia aamue mwenyewe. Herufi zimekuwa ndogo zaidi kwa nusu pointi, na bado mpya inaonekana kubwa. Sijui hoja nyingine inayoshinda hiyo.

Safu mbili "kama gazeti"

Mara nyingi baada ya hapo linakuja ombi la kugawa kila ukurasa safu mbili na kunyoosha kingo zote mbili, "ipendeze kama gazeti". Kwenye A5 usikubali, na sababu yake inaonekana ukiitazama kwa karibu.

Mm 113 ukitoa mm 7 za katikati, kila safu inapata mm 53. Kwa pointi 10 hizo ni herufi 32. Sasa chukua maneno haya: "masharti yatakayowawezesha watakaoshirikiana". Neno la kwanza lina herufi 8, la pili 17, la tatu 17. Mawili ya kwanza pamoja na nafasi kati yake ni herufi 26. La tatu haliingii. Herufi 6 zilizobaki lazima ziende mahali ili ukingo wa kulia unyooke, na katika mstari huo kuna pengo moja tu la kuzimeza. Basi kati ya "masharti" na "yatakayowawezesha" linatokea shimo la upana wa nafasi saba. Mstari wa chini yake nao una shimo lake, na mashimo yakipangana yanachora mfereji mweupe unaoshuka ukurasani. Jicho huufuata mfereji na kuacha maneno.

InDesign, programu ya kupanga kurasa, huanza na ruhusa ya kubana nafasi za maneno hadi asilimia 80 na kuzitanua hadi 133, lakini safu ikiwa nyembamba kiasi hicho, ruhusa hiyo huvunjwa kwa kuwa hakuna njia nyingine. Kiswahili hubandika viambishi vya nafsi, njeo na urejeshi ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno ya herufi 14 hadi 18 ni ya kila siku. Fomula za safu zilizotengenezwa kwa Kiingereza hazitusaidii sana.

Mstari wa herufi 68 una mapengo 9 hivi, kwa hiyo herufi 9 zikibaki kila pengo linaongezeka nafasi moja tu, na hapo tumechukua mfano mbaya makusudi. Ndiyo maana kunyoosha kingo zote mbili kwenye safu moja ya A5 kunawezekana, mradi maneno yakatwe sawasawa mwishoni mwa mstari.

Kukata maneno kuna mtego wake. Kama lugha ya maandishi imeachwa kwenye Kiingereza, programu itakata kwa kanuni za Kiingereza na utapata "wat-akaoshirikiana". Chagua Kiswahili kwenye orodha ya lugha. Kama hakipo, zima ukataji, acha ukingo wa kulia huru, halafu kata kwa mkono pale tu mstari unapobaki mfupi mno. Silabi zetu nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu: ya-ta-ka-yo-wa-we-ze-sha. Usitenganishe sh, ch, ny, dh wala ng’. Herufi mb, nd, nj na nz ziende na irabu inayozifuata: ku-mbu-ka, si kum-buka. M ya mwanzo kama ya "mtoto" haibaki peke yake mwisho wa mstari. Usiache chini ya herufi tatu upande wowote.

Ukiniuliza, kwa Kiswahili ukingo huru wa kulia ndio chaguo salama. Ukurasa unaonekana mpole kidogo, na wapo wateja watakaosema haujakamilika, lakini nafasi za maneno zinabaki sawa kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Aya zenyewe zitofautishwe kwa njia moja, si mbili. Ama sogeza mstari wa kwanza ndani kwa pointi 10 hadi 13, ama weka nafasi kati ya aya. Aya inayofuata kichwa haihitaji kusogezwa.

Kichwa ni cha aya ipi?

Mtu aliyezoea Word hubonyeza Enter mara mbili kabla ya kichwa na mara mbili baada yake. Kichwa kinaelea katikati, hakijulikani ni mwisho wa kilichotangulia au mwanzo wa kinachofuata. Nafasi ya juu lazima ishinde ya chini kwa mara mbili au tatu. Ni kanuni ndogo, na inaibadilisha prufu kuliko fonti yoyote mpya.

Kwa kijitabu chetu cha 10 kwa 13, weka kichwa kidogo kiwe pointi 11.5 nzito kwenye mstari wa pointi 13, pointi 20 juu yake na pointi 6 chini. 20 na 13 na 6 ni 39, yaani mistari mitatu kamili ya pointi 13. Kwa hesabu hiyo aya inayofuata inaanguka palepale ambapo ingekuwa, na mistari ya kurasa mbili zinazotazamana inabaki sambamba. Kwenye karatasi nyepesi faida ni kubwa zaidi: mistari ya upande wa pili inajificha nyuma ya mistari ya upande huu, haichungulii katikati. Kichwa cha sura kiwe pointi 20 kwenye mistari miwili, yaani pointi 26.

Ngazi tatu zinatosha. Tofauti kati yake ionekane waziwazi, kwani kichwa cha pointi 11 kisicho kizito juu ya maandishi ya pointi 10 huonekana kama kosa la kuchapa. Na ukishakinenepesha, usikipigie mstari chini, wala usikiweke kwenye herufi kubwa na rangi nyekundu kwa pamoja. Ishara moja inasikika, nne zinapigiana kelele.

Sasa WATOTO. Andika neno hilo kwa herufi kubwa, pointi 60, kwenye jalada. W na A zinalaliana upande mmoja, A na T zinaachana juu, T ina uwazi chini ya mabawa yake. Katika fonti isiyokuwa na marekebisho ya jozi ndani yake, na baadhi ya za bure ziko hivyo, utasoma W A TO TO. Weka karibu yake neno kama NI au HII, lenye vijiti vilivyosimama vikibanana, na tofauti itakupiga machoni. Kwa pointi 10 hakuna anayeona, kwa 60 hata mpita njia anaona. Kiswahili kimejaa WA, YA, TA, VYA mwanzoni mwa vichwa, kwa hiyo hili si jambo la nadra kwetu.

Dawa ni kuweka kasa (kile kijiti kinachopepesa kwenye skrini) kati ya herufi mbili na kuzisogeza. Kwenye InDesign ni Alt na mshale wa kushoto, na kila kubonyeza husogeza 20 kati ya 1,000 za ukubwa wa herufi. WA huenda ikataka mibonyezo mitatu au minne, TO miwili. Usilenge namba. Lenga uwazi unaolingana kwa macho, na kinachosaidia ni kuligeuza neno juu chini ili uache kulisoma. Ukimaliza jozi ndipo ulitanue neno zima kwa 50 hivi, kwani herufi kubwa hupenda hewa. Ukitanua kwanza utarudia kazi yote.

Aya nzima kwa herufi kubwa usiiandike kabisa, hata ikiwa ni onyo. Maneno yote yanakuwa mistatili yenye kimo kimoja, na onyo lisilosomwa halimlindi mtu.

Wino na rangi

Hapa napita upesi. Maandishi ya kawaida yawe wino mweusi peke yake, asilimia 100. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word huweza kubeba mweusi wa skrini, ambao mashinani unagawanywa kuwa wino nne. Mguu wa herufi ya pointi 10 una unene wa takriban mm 0.3. Pleti ikihama mm 0.1 tu, theluthi ya unene huo inatokeza pembeni kwa rangi nyingine, na kitabu kizima kinaonekana na ukungu. Maandishi ya kijivu nayo huchapwa kwa vidoti, hivyo kingo zake hukwaruzika. Maandishi meupe ndani ya rangi nzito yasishuke chini ya pointi 9, na yasiwe ya fonti yenye serifu nyembamba, maana wino hutambaa na kuzimeza.

Nakala ya simu

Karibu kila mteja siku hizi huongeza: "Na PDF tuwatumie watu kwenye simu." Faili lilelile la A5 likifunguliwa kwenye simu yenye skrini ya upana wa mm 67 hupunguzwa hadi asilimia 45, na pointi 10 zinageuka 4.5. Hakuna anayesoma hivyo. Msomaji atakuza kwa vidole, atavuta kushoto na kulia kila mstari, na kabla ya ukurasa wa tatu ameshafunga.

Tengeneza toleo la pili lenye ukurasa wa mm 90 kwa 160 na pambizo za mm 6, maandishi pointi 13 kwa 18, ukingo wa kulia huru, bila kukata maneno. Likipunguzwa kwenye simu hiyohiyo linafika karibu pointi 9.7, na mstari unabeba herufi 36. Ni chini ya 45, lakini kwenye simu hilo linavumilika. Hii ni kazi ya ziada kweli, na ni afadhali itajwe kwenye makubaliano tangu mwanzo, la sivyo utaifanya bure usiku wa kuamkia uzinduzi.

Kwenye skrini kuna pia suala la rangi. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18 au pointi 14 nzito, isipungue 3 kwa 1. Juu ya nyeupe, kijivu chenye namba ya rangi #767676 kinafaulu kwa 4.54, na #777777 kinaanguka kwa 4.48. Njano safi juu ya nyeupe haifiki hata 1.1. Ukurasa wa tovuti uanze na pikseli 16 na umbali wa mistari wa 1.5.

Prufu ya mwisho

Chapisha kwa ukubwa kamili. Dirisha la kuchapisha huwa na chaguo la kutosheza ukurasa, na likiachwa limewashwa unakagua pointi 9.5 ukidhani ni 10. Kunja karatasi, zipige pini, uone kama pambizo ya ndani inatosha kweli. Kigeuze kijitabu juu chini na ukitazame kwa umbali wa mkono: kurasa zote ziwe na kijivu kilekile. Palipo na doa jeusi, mistari imebanwa. Palipo na doa jeupe, kuna mfereji. Halafu mpe mtu mwenye umri mkubwa asome aya mbili kwa sauti chini ya taa ya kawaida ya nyumbani, nawe ufuatilie anakwama wapi.

Tazama mwisho na mwanzo wa kila ukurasa. Mstari mmoja wa mwisho wa aya ulioangukia peke yake juu ya ukurasa mpya urudishwe. Kichwa kilichobaki chini kabisa bila angalau mistari miwili ya aya yake kihamie ukurasa unaofuata.

Hakikisha fonti zote zimo ndani ya PDF kabla ya kuituma, na uiombe prufu ya mchapaji uione kwa macho yako. Kwenye karatasi ya A2 pleti moja hubeba kurasa 8 za A5, kwa hiyo alama moja ya mkato iliyokosewa, ikigunduliwa baada ya pleti kutengenezwa, inalazimisha pleti nzima ya kurasa 8 irudiwe, na swali la nani atailipa huharibu uhusiano haraka sana.

Na hata hivyo mteja ataleta sentensi mpya siku ya kusaini. Usikimbilie kubana mistari ya ukurasa huo, kwani utaonekana tofauti na jirani yake. Maneno 10 ni takriban mstari mmoja wa herufi 68. Pitia aya za ukurasa huohuo utafute iliyoishia na neno moja peke yake kwenye mstari wake wa mwisho, labda "pia" au "hapo". Mwombe mwandishi atoe maneno mawili mafupi ndani ya aya hiyo. Lile neno litapanda juu, mstari mzima utakuwa wazi, na sentensi mpya itaingia bila ukurasa wowote mwingine kusogea.